Chenso kwa mkono mmoja, kwa mikono miwili, au msumeno wa mkono: ukiwa juu ya mti ushike kipi?

Wakwezi wa miti wakikaa pamoja, naongelea wale wanaopanda kwa hanesi na kamba kwenda kupunguza matawi au kushusha mti kipande kipande, ubishi huwa haukosi. Mmoja atasema ile chenso ndogo (msumeno wa cheni) yenye kishikio juu imetengenezwa ili itumike kwa mkono mmoja, we huoni ilivyo nyepesi? Mwingine atasema mkono mmoja ni marufuku, basi, hakuna mjadala. Afu wote wawili kesho yake wako juu ya mti, na yule wa marufuku unamkuta ameinyoosha chenso kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika tawi.

Sasa hapa nalinganisha vitu ambavyo mkwezi kweli anakuwa navyo akiwa juu, yani chenso kwa mkono mmoja, chenso ile ile kwa mikono miwili, msumeno wa mkono, na ule wa mpini mrefu kwa kifupi tu, halafu petroli na betri maana siku hizi hilo ndo limechanganya mambo zaidi. Msimamo wangu nauweka mapema usije ukasema nimekuzungusha: ukiona mkono mmoja unakuita, mara nyingi umekaa vibaya kwenye mti au umeshika kifaa ambacho sicho cha tawi hilo, na kuna ile mara moja moja ambapo kweli hakuna namna, nayo nitaisema.

Kile kishikio cha juu kiko pale kwa ajili gani

Chenso ya kawaida ya chini ina kishikio cha nyuma na cha mbele, vimeachana, kwa hiyo ukiishika mikono yako inakuwa mbali na una nguvu ya kuituliza ikikorofisha. Ya wakwezi kishikio cha nyuma kimehamishiwa juu ya mashine, vishikio viwili vikakaribiana, mwili ukawa mfupi ili ipite katikati ya matawi na isikuning'inie kiunoni kama mzigo. Kiwango cha kimataifa cha chenso hizi, ISO 11681-2, kinazitaka zisizidi kilo 4.3 bila baa (kile chuma kirefu ambacho cheni inakizunguka), cheni wala mafuta. Stihl MS 201 T kwa mfano iko kama kilo 3.7, Echo CS-2511T kama 2.3. Ndo hapo mtu anaishika kwa kulia, anaona uzito wote umekaa chini ya kiganja, imetulia vizuri, anasema aah kumbe hii ni ya mkono mmoja.

Lakini fungua kitabu cha maelekezo cha yoyote kati ya hizo, kinasema mikono miwili, na kinasema ni ya mtu aliyefundishwa kazi ya juu ya mti, sio ya kukatia kuni chini. Na hapa kuna kitu wengi hawakifikirii: kwa sababu vishikio vimekaribiana, hata ukiishika kwa mikono miwili tayari una uwezo mdogo wa kuizuia kuliko ile ya kishikio cha nyuma. Yani mashine yenyewe imeshakupunguzia kinga ili ikupe wepesi, sasa we unaondoa na mkono wa pili.

Mkono mmoja: faida zake na bei yake

Tuwe wakweli, faida zipo, zisingekuwepo watu wasingefanya. Unafika mbali zaidi, ukijinyoosha kwa mkono mmoja unapata karibu nusu mita ya ziada. Mkono wa kushoto unabaki huru kujishikilia mti au kushika kile kipande kisidondoke juu ya paa. Na ni haraka, hasa ukiwa na vitawi vingi vya unene wa dole gumba na mtu wa chini anapiga kelele umalize.

Haya, bei. Ya kwanza ni teke. Robo ile ya juu ya ncha ya baa ikigusa kitu, meno yanang'ang'ania badala ya kukata na chenso yote inarushwa juu na nyuma kuja kwako, na juu ya mti ncha ina vitu vingi vya kugusa maana nyuma ya tawi unalokata kuna vitawi usivyoviona. Cheni inakwenda mita 20 kwa sekunde au zaidi. Binadamu kushtuka na kufanya kitu inamchukua kama robo sekunde, kwa hiyo mpaka ushtuke zimeshapita mita tano za cheni, na kwenye baa ya sentimita 30 hiyo ni kama mizunguko sita. Hakuna cha "mimi niko fasta". Ukiwa na mikono miwili na kiwiko cha kushoto kimekaza, una nafasi kubwa zaidi ya kulizuia teke lisifike kwako. Ukiwa na mmoja, mashine inazunguka kwenye kifundo cha mkono wako, na kwa vile juu ya mti mara nyingi unakata kwenye usawa wa kifua, inapozungukia ni shingoni na usoni.

Ya pili ni breki, na hii ndo ninayoipigia kelele zaidi. Ile ngao ya mbele inafunga breki kwa njia mbili: mgongo wa mkono wako wa kushoto unaisukuma pale chenso inapopanda, au uzito wa ngao yenyewe unaisogeza mtikisiko ukiwa mkali. Ukiutoa mkono wa kushoto, njia ya kwanza haipo tena, imekufa. Umebaki na ya pili peke yake, ambayo inategemea teke liwe kali vya kutosha, na breki iwe safi bila unga wa mbao uliogandamana na oili. Angalia breki yako ilivyo leo kabla ya kujibu.

Ya tatu ni mkono wa kushoto wenyewe. Ule mtindo wa kushika kipande kwa kushoto na kukikata kwa kulia, wa kata-ukamate, unaweka vidole na mkono wako kwenye njia ya cheni mara tu inapotoka upande wa pili, na kipande kikianza kushuka kinauvuta mkono pamoja nacho kuelekea kwenye cheni. Halafu tazama glovu za chenso, zile zenye kinga: kinga iko mgongoni mwa kiganja, na nyingi zimewekewa kinga upande wa kushoto tu. Kwa nini hapo? Kwa sababu aliyezibuni alijua mkono wa kushoto utakuwa kwenye kishikio cha mbele, mgongo wake ukitazama cheni. Ukishika tawi unaigeuzia cheni vidole na mkono wa mbele, ambako kuna kitambaa cha shati.

Kuna na ile ya mwisho wa mkato. Tawi likikatika, uzito uliokuwa unaibeba chenso unaondoka ghafla, na kwa mkono mmoja inashuka kama pendulo kuelekea pajani, kwenye kamba yako ya kupandia, au kwenye lanyadi, ile kamba fupi ya kujifungia kwenye shina. Kamba iliyobeba uzito wa mtu imekaza, ikiguswa tu na cheni imekwisha. Lanyadi yenye waya wa chuma ndani inasaidia, ila tuelewane, inachelewesha cheni, haiizuii.

Mikono miwili: tabu yake iko kwenye kukaa

Ubaya wa mikono miwili nausema bila kuuficha: inataka muda. Huwezi kuweka mikono yote kwenye mashine kama mwili unategemea mkono mmoja usianguke, kwa hiyo kabla ya kukata lazima uwe umefungwa vizuri, kamba kuu juu yako na lanyadi imezunguka shina au tawi nene, miguu imepata pa kukanyagia, na ukiachia mikono yote miwili hubembei. Hicho ndo kipimo changu, achia mikono kabla hujawasha. Ukibembea, bado hujafika.

Matawi ya pembeni ndo yanayosumbua, kule mwishoni tawi linakuwa jembamba na kamba yako inakuvuta kurudi kwenye shina. Hapo dawa ni kupitisha kamba kwenye panda nyingine iliyo karibu na unakokwenda ili ikuvute juu na sio pembeni, au kuhamisha lanyadi mbele zaidi, au kupanda juu zaidi na kulishukia tawi. Dakika tatu nne hizo. Watu wanaziona nyingi, mimi nikiangalia naona mtu aliyejifunga vizuri anakata mikato mitano bila kusogea wakati yule wa kujinyoosha anasogea kila mkato na bado anahema.

Na lile swali la "sasa kipande nitakishikaje kama mikono yote iko kwenye chenso" lina jibu la zamani tu, mikato miwili iliyopishana. Chukua kipande kilichosimama wima au karibu na wima, unene wa mkono, urefu ambao una uhakika unaubeba. Kwa mikono miwili unakata upande mmoja mpaka upite katikati kidogo. Unatoa chenso, unakuja upande wa pili, sentimita mbili tatu juu au chini ya ule wa kwanza, unakata nao upite katikati kidogo, kwa hiyo mikato imepishana ila haijakutana, katikati imebaki mbao nyembamba imelala kama ngazi moja. Kipande kimesimama palepale, hakiendi popote. Unafunga breki, unazima, unaitundika chenso. Ndipo unashika kipande kwa mikono yote miwili, unakisukuma na kukivuta, kinalia "ko" na kinakatika mikononi mwako, cheni iko kiunoni imetulia, unakitupa unakotaka. Mti wa nyuzi ndefu unataka mikato ipishane zaidi, mti mkavu au unaovunjika kirahisi unataka kidogo sana. Ukiona baa inaanza kubanwa kwenye mkato wa kwanza usiilazimishe, kipande kimeegemea upande huo, ishia hapo ufikirie upya.

Ukishaizoea hii, sababu kubwa ya mkono mmoja imeondoka. Kweli, nadhani wengi wanaokata na kukamata hawajawahi kuonyeshwa tu.

Msumeno wa mkono: huu watu wanaudharau

Hapa mkono mmoja ni halali kabisa. Ile misumeno ya bleti (bapa lenye meno) iliyopinda inayokata ukivuta, kama Silky Zubat yenye bleti ya sentimita 33, ikiwa na meno makali inaondoa tawi la sentimita 5 kwa mivuto michache, na mpaka 8 hivi bado huoni sababu ya kuwasha mashine. Haina teke, haipigi kelele, mtu wa chini anakusikia unachosema. Mkato ni safi na unaweza kuupeleka karibu kabisa na shingo ya tawi, ule uvimbe pale tawi linapoungana na shina, bila kuigusa, jambo ambalo kwa chenso kwenye vitawi vidogo ni shida maana cheni inavirusha virusha.

Ukiwa kule mwisho wa tawi, umejinyoosha, kushoto umeshika, kulia unakata, msumeno wa mkono ndo kifaa cha mkao huo. Na matawi mengi ambayo watu wanayakata kwa chenso mkono mmoja ni ya unene huo huo, hapo ndo nachoka kabisa.

Usije ukafikiri hauna meno lakini. Ukiruka kutoka kwenye mkato unachana vidole vya kushoto vizuri sana, kwa hiyo mkono wa kushoto ukae mbali na mkato, na kamba iliyokaza unaikata karibu sawa na chenso, mvuto mmoja tu. Ukimaliza unarudi kwenye ala yake mguuni, hauachwi umechomekwa kwenye tawi. Zaidi ya sentimita 10 mkono unachoka, na mkono uliochoka juu ya mti nao ni hatari, hapo rudi kwenye chenso na ukae vizuri.

Ule wa mpini mrefu, uwe wa mkono au wa injini, unakufikisha kule ambako ungejinyoosha. Ni mzuri kwa ncha za pembeni, ila unakuwa mzito ukiunyoosha, huoni vizuri mkato, na kipande kinaweza kuteleza kikashuka kwenye mpini wenyewe kuja mkononi. Karibu na nyaya za umeme sahau kabisa, Marekani asiye na mafunzo ya umeme anatakiwa akae futi 10 kutoka kwenye waya, karibu mita 3, na hizo zinahesabiwa pamoja na kifaa ulichoshika, kwa waya wa volti nyingi zaidi ya 50,000 umbali unaongezeka.

Petroli au betri

Zamani swali hili halikugusa mkono mmoja, siku hizi linagusa sana. Ya petroli unaiwasha kwa kuvuta kamba, kwa hiyo juu ya mti watu wanaona uvivu kuizima kati ya mikato, inabaki inanguruma kiunoni. Na kuiwasha wanairusha chini kwa mkono mmoja huku wanavuta kamba kwa mwingine, baa inazunguka hovyo karibu na mapaja. Breki iwe imefungwa, chenso ibanwe vizuri mwilini au kwenye tawi, ndo uvute. Uzuri wake nguvu haipungui mpaka tenki liishe, na ile kelele inamwambia kila mtu kwamba iko hai.

Ya betri hakuna kuvuta, unabonyeza inakata, unaachia inasimama. Kwa hiyo sababu ya kuiacha inazunguka haipo, unaitundika imekufa, unabadilisha mkao, unaishika tena. Kwa hilo peke yake naona imewasaidia wakwezi kukaa vizuri kabla ya kukata, maana kusogea hakukugharimu kuwasha upya. Moshi hakuna. Mtikiso pia ni mdogo, na hilo sio la starehe tu, sheria ya Ulaya inataka mwajiri achukue hatua mtikiso wa mikono ukifika 2.5 m/s² kwa wastani wa siku ya kazi na usizidi 5, kwa sababu miaka ikienda vidole vinakufa ganzi.

Sasa ubaya. Wepesi na ukimya vinashawishi mkono mmoja kuliko petroli ilivyowahi kushawishi. Mtu anasema hii hata haina nguvu. Cheni ya betri inafika kasi yake karibu papo hapo, na teke halijui umeme wala petroli, linajua ncha imegusa nini. Afu kwa vile haingurumi, mtu wa chini anadhani umezima, na wewe mwenyewe unaweza kuishika vibaya ukapeleka kidole kwenye kitufe bila kukusudia. Breki ifungwe kila ukiitundika, hata kama "imezimwa".

Na uzito unaoandikwa kwenye boksi usikudanganye. Stihl MSA 161 T imeandikwa kilo 2.1, ila hiyo ni bila betri, weka betri ya AP 300 S yenye kilo 1.8 umeshafika 3.9 kabla ya baa na cheni, yani uko palepale pa petroli. Husqvarna T540i XP nayo ile 2.5 ni bila betri. Linganisha vyote vikiwa tayari kwa kazi.

Kwangu mimi, kupunguza matawi naenda na betri, kushusha shina nene mfululizo naenda na petroli, na shina likiwa nene kweli naiomba ya kishikio cha nyuma ipandishwe kwa kamba, hapo hata mashabiki wa mkono mmoja wananyamaza. Marekani chenso inayozidi ratili 15, kama kilo 6.8, haitakiwi kuning'inia kwa mkwezi juu ya mti, inabebwa na kamba yake.

Sheria zinasemaje

Hazijakaa sawa kila mahali. OSHA, mamlaka ya usalama kazini ya Marekani, kwenye kazi ya magogo inataka mikono yote miwili isipokuwa mwajiri aweze kuonyesha kwamba kwenye hali ile, kushika kwa mikono miwili kuna hatari kubwa zaidi. Uingereza mwongozo wa chenso za kishikio cha juu hauufungi mlango kabisa, unauacha kwa hali ambayo mikono miwili haiwezekani, lakini masharti yake yanabana: umeshapata mkao mzuri kuliko yote unaopatikana, mkono wa pili unakushikilia wewe kwenye mti na sio kipande, mwili wako uko nje ya njia ya teke, hukati kwa ncha, na hukamati kinachoanguka. Soma tena masharti hayo, yule wa kata-ukamate hapiti hata moja la maana. Na nchi zote mbili zinataka uwe umefungwa sehemu mbili ukiwa unakata kwa chenso juu, kamba na lanyadi.

Suruali ya chenso kwa mkwezi tafuta aina C, ile yenye kinga kuzunguka mguu mzima, maana juu ya mti cheni haiji kutokea mbele tu. Daraja la 1 limepimwa kwa cheni ya mita 20 kwa sekunde, la 2 kwa 24, kwa hiyo angalia cheni yako inakwenda kasi gani kabla ya kununua ya bei rahisi.

Kwa hiyo ushike kipi

Chini ya sentimita 5 ni msumeno wa mkono bila kufikiri, popote ulipo. Kati ya 5 na 10 inategemea umekaaje, umekaa vizuri na mikono yote iko huru, chenso kwa mikono miwili. Umejinyoosha, msumeno wa mkono, au sogea. Juu ya 10 ni chenso kwa mikono miwili tu, na kama hufiki basi tatizo ni kamba, rudi ukaipange. Kipande kinachotakiwa kisianguke hovyo, mikato miwili iliyopishana, na kama hukibebi kwa mikono yako kifungwe kamba kishushwe.

Chenso kwa mkono mmoja inabaki kwa ile hali umeshajaribu kupanda juu, umeshahamisha kamba, msumeno wa mkono hauwezi, na mkono wa kushoto lazima ushike mti. Hapo nyoosha mkono, baa iwe pembeni ya mwili, kata kwa sehemu ya baa iliyo karibu na mashine, sio ncha. Mkwezi aliyepangilia kazi yake anaweza kumaliza mti mzima asikutane na hali hiyo.

Kama una chenso tayari na unawaza kununua ya pili nyepesi zaidi, mimi ningesema hela hiyo kwanza iende kwenye msumeno mzuri wa mkono, bleti ya akiba, na lanyadi ya waya. Bleti ya akiba ni lazima maana meno ya misumeno hii yamefanywa magumu kwa joto, tupa haiyaumi vizuri, yakiisha makali unabadilisha bleti yote, na bleti butu ndo inamfanya mtu aurudishe msumeno kwenye ala akachukue chenso kwa tawi la unene wa kidole.